Matundu Matano na Mashaka Yangu

Kama umeambiwa una uvimbe tumboni na moyoni mwako hujamwamini aliyekuambia, basi haya nimekuandikia wewe. Wanaomwamini daktari siku hiyohiyo hawanihitaji. Wao wameshapona au wako njiani. Mimi naandika kwa ajili ya wale wanaotoka hospitali na karatasi mkononi, wakifika getini wanaikunja, wanaitia mfukoni na kusema ngoja kwanza.

Naitwa Mwanaidi, nina miaka ishirini na minane. Natengeneza simu sokoni Handeni, kwenye meza moja chini ya bati, na ufundi huu sikufundishwa na mtu. Niliharibu simu yangu mwenyewe, nikaifungua, nikashindwa kuifunga. Nikaanza kutazama video za watu wa nchi za mbali wakifungua simu, mpaka nikajua. Kila simu ninayoifungua naichorea karatasi: skrubu hii imetoka hapa, hii pale. Zipo zinazofanana kwa macho lakini moja ni ndefu kidogo, na ukiikosea inatoboa bodi ya ndani. Nikishafunga, mara nyingi nafungua tena kuhakikisha, halafu nafunga, halafu usiku nalala nikiwaza kama nilihakikisha. Wateja wananicheka.

Nikiri na jingine, maana bila hilo hutanielewa. Mwaka wa pili wa kazi nilivunja kioo cha simu ya mama mmoja nikiwa naifungua. Nilikuwa na simu mbovu ya aina hiyohiyo, nikatoa kioo chake, nikakisafisha kwa spiriti mpaka kikang'aa, nikamwekea. Sikumwambia. Aliondoka ananiombea dua. Kwa hiyo nilipokuja kuambiwa kwamba nitalazwa usingizi nifunguliwe nikiwa sioni, nilijua vizuri sana mambo yanayoweza kufanyika upande wa pili wa meza.

Na kuna habari ya mama yangu. Aliumwa tumbo nikiwa na miaka minane, akapelekwa mbali, akafunguliwa, akafungwa bila kutolewa kitu. Hakurudi na miguu yake. Nililelewa Sindeni na bibi yangu mzaa mama. Neno "upasuaji" nyumbani kwetu lilisemwa kwa sauti ya chini, kama jina la mtu aliyetukosea.

Yangu yalianza wakati wa palizi ya masika. Nilikuwa nikienda Sindeni kumsaidia Bibi shambani, na mwaka ule nilipalilia mistari miwili ya mahindi nikakaa chini, moyo unagonga kama nimekimbizwa. Kucha zilikuwa nyeupe. Nikaanza kutafuna mchele mbichi; naununua kidogokidogo, nautia mfuko wa gauni, natafuna kutwa nikiwa kazini mpaka taya zinauma. Kiungulia kilikuwa hakiniachi. Na choo kilikuwa cheusi, kinanata, kama lami ya barabara. Hilo sikumwambia mtu.

Bibi hakuhitaji kuambiwa. Alinitazama nikivua kanga kwenda kuoga.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu, "marehemu babu yako akifufuka leo, wewe hakuchagui. Atarudi kwangu mwenye nyama."

"Bibi, nimechoka tu."

"Umechoka nini, wewe unayekaa kitako kutwa unakuna simu? Kesho nampigia mjomba wako."

Kwetu Wazigua mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Mjomba Rajabu anakaa Korogwe, ni mlinzi wa stoo ya mkonge, mtu wa maneno machache. Siku ya tatu alinipokea stendi, Bibi akiwa pembeni yangu na kikapu chake, tukaenda moja kwa moja kwenye hospitali moja ambayo wakati ule ilikuwa na daktari wa kipimo cha kamera, ule mpira mwembamba unaomezeshwa mpaka tumboni.

Kama hujawahi kungoja kipimo hicho: unakuja na njaa tangu jana yake, unakaa kwenye benchi na watu wengine wenye njaa, na hakuna anayemwangalia mwenzake. Mimi nilikuwa nahesabu nani ameingia na amechukua muda gani. Mzee mmoja alichukua muda mrefu, nikajua amekufa ndani. Akatoka anafuta mdomo.

Nesi wa pale alikuwa Sista Hilda, Msambaa wa Kwashemshi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka bonde hadi bonde. Alipoona jina langu na la kijiji akacheka.

"Wazigua! Mnakuja mmechelewa, halafu mnataka muingie wa kwanza."

Bibi hakumwacha. "Na nyie Wasambaa mnashuka mlimani na mkungu mmoja wa ndizi, mnataka soko zima lisimame."

"Bibi, ukiendelea nitakumezesha wewe huo mpira."

"Nimezeshe. Utakuta humo mahindi matupu."

Benchi zima likacheka. Ndipo nilipoitwa.

Nilipuliziwa dawa kooni, nikalazwa ubavu wa kushoto, nikaambiwa nimeze kama nameza tonge. Sitakudanganya, ni vibaya, lakini ni kwa muda mfupi. Kioo kilikuwa mbele yangu na mimi ni mtu wa vioo, kwa hiyo nilifumbua macho. Niliona ukuta wa rangi ya waridi, unang'aa, unacheza. Kisha pakatokea kitu kimetuna, kama jiwe lililofunikwa zulia, na juu yake kidonda kidogo chenye utando mweusi.

"Umeona?" daktari akauliza baadaye. "Ni uvimbe kwenye ukuta wa tumbo. Hapo juu panavuja damu. Huu unatakiwa kutolewa, Mwanaidi. Usiwe na wasiwasi."

Nataka nikwambie kitu kuhusu maneno hayo. Kwa miezi yote ya ugonjwa wangu, kila aliyesema "usiwe na wasiwasi" aliniongezea wasiwasi. Hata mimi huwaambia wateja hivyohivyo wakati sijui simu yao ina nini.

Walikata kinyama kidogo kikapelekwa kupimwa. Tulingoja majibu wiki tatu, mahindi yakatoa mbelewele. Yalipokuja, hayakuwa na jibu. Daktari alieleza kwamba uvimbe umejificha chini ya ngozi ya ndani ya tumbo na kinyama kilitoka juu tu, kwa hiyo hakikusema kitu, lakini bado utolewe. Alieleza vizuri, kwa upole, akinichorea kwenye karatasi. Mimi nilisikia kitu kimoja: hawajui, na wanataka kukata.

Wiki ileile Mjomba alinipigia, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia akiongea haraka. Daktari alikuwa amemwita. Kulikuwa na kambi ya upasuaji Dar es Salaam, kwenye hospitali kubwa. Madaktari wageni wanakuja na roboti, wanawafundisha madaktari wetu. Wanatafuta wagonjwa wa aina yangu. Hupasuliwi tumbo zima, unatobolewa matundu madogo, mikono ya mashine inaingia, inatoa uvimbe, unarudi nyumbani. Na aliyechaguliwa hatozwi.

"Wanafundisha?" nikauliza. "Kwa hiyo wanajifunzia kwangu."

"Mwanaidi, wanakuja mabingwa."

"Bingwa anayekwenda kufundishwa ni bingwa wa nini? Na cha bure kina nini ndani?"

Nilipaswa kuishia hapo. Badala yake nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya. Nikasema, "Mjomba, wewe wamekupa nini?"

Akasema, "Mimi ndiye niliyekwenda kumchukua mama yako. Nilipanda naye nyuma ya gari kutoka kule mpaka Sindeni. Unadhani nataka safari ile tena?" Akakata.

Hatukuzungumza tena mpaka vuli.

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo lililonifanya niandike. Sokoni kwetu mteja mwenye akili hampi fundi mmoja simu yake. Anaipitisha kwa mafundi watatu, na kila mmoja hamwambii alichosema mwenzake. Wakikubaliana bila kuambiana, ndiyo kweli. Wakitofautiana, kuna mwongo. Sisi mafundi tunaijua desturi hiyo na tunaiheshimu. Nami nikaona: kwa nini nisiwapime madaktari hivyohivyo?

Siku hizi hutembei mbali kutafuta kipimo. Kila kona ina zahanati ya mtu binafsi, maabara, duka la dawa. Nilichagua zahanati moja Handeni. Karatasi za Korogwe nikaziacha chini ya godoro. Nikaulizwa nasumbuliwa na nini, nikasema kiungulia. Basi. Sikutaja kamera, sikutaja choo cheusi, maana nilitaka waone wenyewe. Wakapima walichoweza kupima kwa mtu mwenye kiungulia, wakasema vidonda vya tumbo, wakanipa dawa. Kiungulia kikapungua. Nikajiambia: umeona?

Baada ya mwezi nikaenda kwingine, na huko nikasema nachoka. Wakapima damu, wakashtuka ilivyo kidogo, wakaniuliza kama hedhi ni nzito. Nikasema labda. Wakanipa vidonge vya kuongeza damu, nimeze kila siku.

Nesi wa pale aliniambia nisishangae, vidonge hivyo vinafanya choo kuwa cheusi.

Huwezi kujua nilivyofurahi. Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyefutiwa kesi. Choo cheusi kilikuwa kimepata maelezo. Ni kweli kilianza kabla ya vidonge, nilijua kilianza kabla, lakini nikalipanga jambo hilo pembeni kama skrubu iliyobaki baada ya simu kufungwa: unaitazama, unaitupa kwenye kopo, unasema itakuwa haikuwa na kazi.

Kiangazi chote nikaishi hivyo. Mahindi yakavunwa, Bibi akaanika, vumbi la Handeni likaingia kwenye kila simu niliyoifungua. Nilifanya kazi nimekaa, nikisimama dunia inazunguka. Nilikuwa na majibu matatu yasiyofanana, na kwa kanuni ya sokoni nikahitimisha kwamba mwongo ni yule wa Korogwe, kwa sababu ndiye aliyesema jambo nisilolitaka. Mama yangu naye, nikajiambia, angekuwa hai kama asingefunguliwa. Ile kambi ya Dar ilikuja ikapita, jina langu likiwa kwenye orodha yao. Sikupokea simu zao.

Siku za mwisho za kiangazi, mawingu ya vuli yakiwa yameanza kukusanyika bila kunyesha, nilikuwa nimeshika bodi ya simu ya mteja kwa kibano. Nikaona kibano kiko mbali sana. Nakumbuka nikisema, "Nishikie hii isianguke." Kisha naambiwa nilitapika damu, nikaanguka juu ya meza.

Walinipeleka hospitali ya karibu, wakanitundikia maji, na gari la wagonjwa likanipeleka Korogwe. Nilipofumbua macho vizuri, Bibi alikuwa amekaa chini sakafuni, kichwa kwenye kitanda changu. Sista Hilda alikuwa anabadilisha chupa.

"Huyu si Mzigua wangu wa kamera?" akasema. "Wewe tulikutuma Dar. Ulikuwa wapi?"

Nikasema nilikuwa natumia dawa.

"Dawa gani?"

Hata pale, na sindano mkononi, akili yangu ilikuwa inapanga nimwambie kiasi gani.

Bibi akainua kichwa. Hakuniita mke mwenza. "Mwanaidi," akasema, "mama yako naye alikuwa anaficha. Alikuwa anaumwa mwaka mzima anasema ni minyoo. Mimi nilimjua, nikanyamaza. Wewe sikunyamazii."

Nilikuwa sijawahi kusikia hilo. Miaka yote nilidhani mama aliuawa na kufunguliwa. Hakuna aliyeniambia alifika kule amechelewa.

Nikamtuma Bibi alete mkoba wangu uliokuja na mimi kwenye gari. Karatasi za zahanati mbili zilikuwa humo, nimezipanga kwa tarehe. Vidonge vilikuwa humo. Nikamwambia na mizizi ya mwarobaini niliyokuwa nachemsha, na dawa za maumivu ya mgongo ninazonunua dukani tangu nianze kazi ya kuinama. Nikasema yote mpaka mchele.

Sista Hilda alizipanga karatasi juu ya shuka, moja kando ya nyingine, hakuwa anacheka tena.

"Huyu umemwambia kiungulia. Huyu umemwambia uchovu. Sisi umetuambia tumbo, na choo hukututajia. Sasa niambie, nani kati yetu amemwona Mwanaidi?"

Daktari alipokuja alizisoma zote. Akauliza, "Choo cheusi cha uvimbe na choo cheusi cha vidonge, ulikuwa unavitofautishaje?"

"Sikuvitofautisha," nikasema. "Nilichagua."

Nilihitaji damu, na hospitalini ndugu huombwa wachangie. Nililala nikitazama mlango. Aliyeingia wa kwanza, mkono wa shati umekunjwa na pamba imebandikwa kwenye kiwiko, alikuwa Mjomba Rajabu. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akakaa, akamenya chungwa la Bibi akala lote peke yake. Damu haikuwa yake ile niliyotundikiwa, walimweleza inaingia benki na inatoka nyingine, lakini mimi niliitazama ikidondoka nikaona ni yake.

"Nilikutuhumu, Mjomba," nikasema.

"Ulinituhumu. Na mimi nimemtuhumu daktari wa mama yako miaka kumi na minane." Akafuta mikono. "Labda ni la ukoo."

Uvimbe ulikuwa umekua. Kambi nyingine ingekuwa baada ya mvua za vuli. Daktari alisema wazi: nikivuja tena kabla ya hapo, watanifungua tumbo papo hapo kwa mkono, na hali yangu haitakuwa ya kuchagua. Kwa hiyo nilihamia kwa Mjomba, mwendo wa dakika chache mpaka hospitali, na kwa wiki saba kazi yangu ilikuwa kutazama choo changu kila asubuhi na kumtumia Sista Hilda ujumbe. Aliniruhusu kwa sharti nisimtumie picha. Mvua ikinyesha kwenye bati, Bibi anasukuma uji mbele yangu, mimi nasikiliza tumbo. Sijawahi kungoja namna ile. Siku mbili ujumbe wangu ulisema "sijui", na mara zote mbili alinifuata mwenyewe na mwavuli.

Ya Dar nitayasema kwa kifupi. Siku moja kabla ya upasuaji daktari bingwa alikuja na fomu. Nilikuwa na maswali kumi na manne kwenye karatasi.

"Nani anashika kisu?"

"Mimi. Mashine haina akili yake. Nikitoa mikono yangu, nayo inasimama."

"Utakaa wapi?"

"Pembeni ya chumba, kwenye kioo changu. Mita tatu hivi."

"Na mimi nitabaki na nani?"

"Na daktari mwenzangu na manesi, wamesimama juu yako. Na mgeni anayetufundisha atakuwa nyuma yangu."

"Umeme ukikatika?"

"Upo wa akiba. Mashine yenyewe ikigoma, tunaitoa na kukufungua kwa mkono. Ndiyo maana unasaini hapa na hapa."

Jibu hilo lilinifaa kuliko yote. Nikasaini. Bado sikumwamini. Napenda ulijue hili, wewe unayengoja kwanza uamini ndipo usaini: mimi nilisaini nikiwa na mashaka yangu yote, hakuna hata moja lililopungua. Kilichobadilika ni kwamba sikuwa nimemficha kitu.

Asubuhi nilisukumwa ndani. Mashine ilikuwa imevikwa nailoni mikono yote minne, kama kochi jipya ambalo mwenye nyumba hataki lichafuke. Nesi mmoja akaniinamia. "Usiwe na wasiwasi, dada." Nikataka kumjibu, dawa ikanichukua.

Nilipoamka bega la kulia lilikuwa linauma kupita kiasi. Tumbo liliuma kama linavyotarajiwa, lakini bega! Nikajua: wameniangusha. Nilikuwa kitandani nimelegea, wakaniangusha, wakaniokota, wakakubaliana wasiseme. Nilimwita nesi nikamwambia nimeshajua.

"Umejua nini?"

"Bega."

Akacheka mpaka akashika nguzo ya kitanda. Akanieleza kwamba tumboni hujazwa hewa ili mashine ipate nafasi, na inayobaki huchokoza bega. Itaisha kwa siku mbili. Sikuridhika. Nilimuuliza mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyefanyiwa jana yake. Naye bega. Ndipo nikatulia.

Baada ya hapo swali la wodi lilikuwa moja: umejamba? Anauliza daktari, anauliza nesi wa zamu, anauliza mfagiaji. Mpaka hewa itoke, hunywi kitu. Bibi alikaa kitandani kwangu kama mtu anayengoja matokeo ya uchaguzi. Siku ya pili mchana ikatoka, naye akatangaza kwa wodi nzima. Niliona aibu, na nililetewa vijiko vinne vya uji mwepesi, na sijui kama nimewahi kula kitu kitamu hivyo.

Nilidai kuuona uvimbe. Ulikuwa umepelekwa maabara. Daktari alinionyesha picha kwenye simu yake. Kitu cha mviringo, cheupe chenye wekundu, kwenye bakuli la chuma, ukubwa wa yai la bata. Nikamwomba simu niitazame karibu, na kwa mazoea ya kidole nikafungua maelezo ya picha nione imepigwa saa ngapi. Saa ilikuwa sawa, mimi nikiwa mezani. Nikamrudishia. Nilikuwa nimefika mlangoni kwa mwendo wangu wa kizee nilipokumbuka kwamba saa ya simu hurekebishwa.

Masika ikanikuta Sindeni, nimekatazwa kuinua ndoo. Tumbo limebaki dogo, maana kipande chake kilitolewa pamoja na uvimbe. Bada, ule ugali wa muhogo niliokuwa namaliza sahani, sasa nala tonge nne nasimama, nikizidisha natapika. Nala mara sita kwa siku kama mtoto. Nywele zilizokatika zimeota fupi, zimesimama. Kucha zimepata rangi. Makovu ni matano, kila moja kama punje ya mahindi, na kwa miezi mitatu nilikuwa nayapiga picha kila asubuhi nikilinganisha na ya jana. Bibi aliyahesabu kwa kidole akasema fundi wangu hakujua tumbo liko wapi, alikuwa anatafuta. Yule mama wa kioo cha simu nimemtafuta sana sokoni, mpaka leo sijampata.

Majibu ya maabara yalisema ni uvimbe wa aina ile ambayo mara nyingine hurudi. Umetolewa mzima, hatari ni ndogo, lakini nirudi kupimwa kila miezi sita. Mjomba alishukuru Mungu. Mimi niliganda kwenye neno "ndogo".

Nilirudi kwa yule daktari wa kamera Korogwe kiangazi, nikameza mpira mara ya pili. Miezi sita baadaye nikaumeza tena, na juzi, kiangazi kingine, nimeumeza mara ya nne. Nilifumbua macho kama kawaida. Ukuta wa waridi, na pale palipokuwa na jiwe, mstari mweupe mwembamba.

"Pako safi," akasema.

"Una uhakika?"

Nilisubiri yale maneno ya "usiwe na wasiwasi". Alikuwa anavua glavu, amechoka, benchi nje limejaa. Akanitazama, akatazama kioo, akanitazama tena.

"Hapana," akasema. "Nilichokiona leo ni kisafi. Ya miezi sita ijayo siyajui. Wewe njoo tuangalie."

Nilikaa kidogo nikilitafutia neno hilo kasoro. Sikuiona. Miaka miwili nilikuwa nimepima kila neno la daktari, na hili la kutojua ndilo la kwanza nililoliamini lote.

Nje, Bibi alinyanyuka kabla sijamfikia, kikapu kikamwanguka.

"Amesemaje?"

"Amesema hajui."

Uso ukamshuka. Akanishika mkono kwa nguvu, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Sasa mbona unacheka, mke mwenzangu?"